PICHA INAKATIKA? Kabla ya kulaumu TV, kagua waya na mlingoti

UKIPITA Chekalini, eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega, utaona milingoti ya mikaratusi imechomoza juu ya mahindi, na antena zimefungwa kileleni. Zamani kuiweka sawa ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha mlingoti nje, mwingine yuko mlangoni anapiga kelele: “Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!” Chenga zikipungua, basi.

Mtindo huo ulipitwa na wakati 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogi. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi lakini huenda mnakumbuka Februari ile Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu, wenyewe wakizozana na Mamlaka ya Mawasiliano (CA) kuhusu kuhama huko.

Shida ni kwamba wengi bado hufunga antena kana kwamba ni 2014. Mawimbi ya dijitali hayana chenga za kukuonyesha kwamba unakaribia. Picha ni safi, ama hakuna kitu kabisa. Katikati hapo kuna kipande kidogo tu ambapo picha hukatika miraba miraba na sauti kukwama. Isitoshe, king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kunasa mawimbi. Ukizungusha mlingoti haraka unapita mahali penyewe bila kujua, kisha unamwambia mama TV imeharibika.

Kwa hivyo sogeza kidogo, upana wa kidole hivi, halafu hesabu hadi kumi. Fungua sehemu ya mawimbi kwenye menyu. Kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Fuata ule wa ubora. Nguvu inaweza kuwa juu na bado usione kitu.

Uelekeze wapi? Ukiwa Lugari, Webuye iko upande wa magharibi na Eldoret mashariki, na boma mbili jirani zinaweza kutofautiana kwa sababu ya kilima ama miti. Anza kwa kutazama antena ya jirani ambaye TV yake inashika vizuri: inaangalia wapi, na vijiti vyake vimelala ama vimesimama? Antena ya vijiti vingi, iliyobuniwa Japani miaka ya 1920 na kuitwa Yagi, ina mbele na nyuma. Mbele ni kule kwenye vijiti vifupi. Wavu ama kijiti kirefu hukaa nyuma. Wengine huipachika kinyume, kisha wanalaumu serikali.

Na isiwe ndani ya nyumba. Mabati huzuia mawimbi.

Sasa waya, ambao ndio mchawi mara nyingi. Katikati kuna shaba, nje kuna nyuzi nyembamba zilizosukwa. Uzi mmoja tu ukigusa shaba pale kwenye kichwa cha kuunganishia, kazi yote ni bure. Usiunge waya kwa kuusokota na kuufunga nailoni. Mvua za huku zitaingia na shaba itaota kutu ya kijani. Kabla waya haujaingia dirishani, uache ulegee chini kidogo ili maji yadondokee nje. Antena yenye busta huhitaji umeme, hivyo washa nguvu ya antena kwenye king'amuzi. Isiyo na busta, izime.

Waya wa antena huingia kwenye king'amuzi, kisha king'amuzi huunganishwa na TV kwa HDMI ama zile nyaya tatu: nyekundu, nyeupe na manjano. TV yenye king'amuzi ndani huchomekwa moja kwa moja. Lakini chunga TV za mitumba kutoka Uingereza. Nyingine zina DVB-T tu, na Kenya hutumia DVB-T2. Hata upandishe antena hadi mawinguni, hiyo haitashika bila king'amuzi cha nje. Unapotafuta stesheni, chagua antena, si kebo.

Mafundi vijana wajue hili pia: stesheni hazirushwi moja moja. Signet ya KBC, ADN na PANG kila mmoja hubeba stesheni nyingi kwa pamoja. Kundi zima likikosekana huku mengine yako sawa, TV haina makosa. Mtambo wa huyo mmoja ndio haukufikii vizuri. Mweleze mteja hivyo kabla hajaenda kununua king'amuzi cha kulipia kila mwezi, ilhali KBC, Citizen, NTV na KTN zinapatikana bure hewani.

Jambo ambalo sitafanyia mzaha ni radi. Magharibi ya Kenya hupigwa sana na radi, na mlingoti ndio mrefu kuliko kila kitu bomani. Uwe na waya wa kuupeleka umeme ardhini. Wingu likianza kuwa zito alasiri, chomoa stima na waya wa antena pia, vyote viwili, kabla mvua haijafika. Ikishaanza kunguruma, usiguse waya huo.

Na mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za stima, umbali unaozidi urefu wake, ili hata ukianguka usizifikie. Wa mita nane hausimami mita sita kutoka kwa laini, hata kama mteja anasisitiza kwamba hapo ndipo panashika. Akikataa, beba spana zako uende nyumbani.