Fikra Isiyoandikwa Kwenye Risiti

Makochi ya dani, yaani nyanya yangu, huko kwetu upande wa Homa Bay, yana mikono mipana ajabu. Unaweka kikombe cha chai, unaweka sahani ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe, na kiwiko bado kinapata pa kupumzika. Mikono hiyo haikutoka kwenye picha yoyote. Fundi aliyeyatengeneza, mtu wa Rongo, alisimama sebuleni akahesabu wageni wanaoweza kujaa humo siku ya matanga, akaona hakuna nafasi ya kuzungusha vimeza, basi akaamua mkono wa kochi uwe meza. Alipima mlango kabla ya kupima ukuta, kwa kuwa kochi lisilopita mlangoni hurudi kwa mwenyewe. Kiti kimoja akakiinua kidogo kuliko vingine kwa ajili ya magoti ya dani. Mchoro wote aliuchora hewani, kwa kidole.

Kwingineko kazi hii ina jina la heshima: ubunifu wa fanicha. Jijini Milan, Italia, kuna maonyesho yake yaliyoanza mwaka 1961, na aliyebuni kiti hutajwa pamoja na kiti chake. Kwenye banda la barabara ya Rongo kwenda Migori, aliyebuni ni fundi tu, na risiti yake inaeleza mambo yalivyo. Ina mbao, sponji, kitambaa, misumari, gundi, vanishi, labda na nauli ya pikapu. Zile dakika alizosimama sebuleni akiwaza hazina mstari. Mteja akiomba kupunguziwa, hupunguziwa humo humo, kwenye kitu ambacho hakikuandikwa.

Mafundi wengi huanza katika chuo cha ufundi cha kijijini, ambacho Katiba ya 2010 ilikikabidhi serikali ya kaunti, au chini ya mjomba mwenye banda. Kwanza ni kushika msasa. Halafu kitanda, halafu madawati ya shule. Jeneza nalo haliepukiki. Nyanza Kusini huzika kwa uzito, na jeneza lenye kidirisha cha kioo cha kuonyesha uso huagizwa kwa simu, mara nyingi usiku, kipimo kikiwa ni maneno ya shemeji: alikuwa mrefu kama fulani. Hakuna kazi inayomfunza kijana usahihi kuliko hiyo. Kochi ukilikosea unalirudisha bandani ukalirekebishe; jeneza halina marudio. Kochi lenyewe huja mwisho, na ndilo linalomfanya mtu atafutwe kutoka Ndhiwa hadi Isebania.

Kwa nini makochi yetu yamefunikwa sponji kutoka juu hadi karibu na sakafu, mti ukionekana miguuni pekee? Nimesikia watu wa mjini wakiyacheka, pamoja na vitambaa vya kushona vinavyotandikwa juu yake. Mimi naona mle akili ya mtu anayeijua mbao yake. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na ikawa hivyo hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Bei ya mbao ilipanda, na mabanda yakazidi kutegemea miti ya mashambani: mkaratusi, mgrevilea, wakati mwingine iliyokatwa kabla ya kukomaa na kupasuliwa ikiwa bado mbichi. Mbao mbichi hujikunja. Ukiiacha wazi, miezi michache baadaye kiungo kimeachia na mteja yuko mlangoni. Ukiivika sponji, ujikunjaji wake unafichika, na fedha ya mti mgumu unaitumia pale penye mzigo tu. Huo ni uamuzi wa kibunifu, hata kama haukufanyiwa kikao.

Sasa mteja huja na simu. Picha ni ya sofa la mbali, lililopigwa kutoka mbele, halina mgongo wala vipimo. Fundi hukadiria kina chake kwa kulinganisha na mto uliowekwa juu yake, kisha hubuni nyuma yote mwenyewe, kwani nyuma hiyo haipo kwenye picha. Mteja ataondoka akisema kochi limetokea kama lile la kwenye simu. Nusu yake ni la fundi.

Na akibuni umbo jipya kabisa? Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inamruhusu kulisajili. Ulinzi ni wa miaka mitano, nao unaweza kuongezwa mara mbili hadi ifike 15. Lakini ombi hupelekwa kwa taasisi ya Nairobi, likiwa na michoro na ada, na hadi hati itoke, jirani wa banda la tatu ameshauza seti za umbo hilo. Simlaumu sana jirani. Jiko la kauri la Kenya, lile lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lilibuniwa na Max Kinyanjui na wenzake mapema miaka ya 1980 baada ya kuangalia majiko ya ndoo ya Thailand. Wahunzi wa Shauri Moyo wakaliiga, na wengine wakawaiga wao, hadi likafika majikoni mwetu likiokoa makaa. Lingefungiwa kwenye kabati la hati, dani angekuwa anapika kwa jiko la bati tupu. Ila waulize watu kumi sokoni Oyugis ni nani aliyelibuni, uone.

Nairobi wapo waliopata njia nyingine. Naeem Biviji na Bethan Rayner, wasanifu majengo wa Studio Propolis, hubuni na kutengeneza fanicha wenyewe, na anayenunua anajua ananunua kazi ya nani. Wateja wa namna hiyo ni wachache Migori. Fundi wa Rongo anachoweza ni kuchoma herufi mbili za jina lake chini ya kiti kwa chuma cha moto. Nimelipindua kochi la dani kutafuta. Sikuona kitu, ila alama za penseli: vipimo vitatu na mshale unaoonyesha upande wa dirisha.

Kumbukumbu za fundi huyo ziko bandani, zimetundikwa msumarini: vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa mkunjo wa kila mkono wa kochi na kila mguu aliowahi kubuni. Mwanafunzi wake alipomaliza miaka yake na kwenda kufungua banda Mbita, aliomba ruhusa, akavilaza kimoja kimoja juu ya katoni ya televisheni na kuvizungushia kalamu. Mzee alimshikia katoni isiteleze.