Kipande Kimoja cha Ngozi

Je, wajua kwamba kipande cha ngozi kisichozidi stempu ya barua kimewahi kuoteshwa hadi kikafunika karibu mwili mzima wa mtoto?

Mwaka 2015 mvulana wa miaka 7, wa familia ya wakimbizi wa Syria, alilazwa Bochum, Ujerumani, ngozi ya juu imembanduka zaidi ya nusu ya mwili. Alizaliwa na epidamolisisi bulosa: jeni moja yenye hitilafu ilimnyima laminini, protini inayoshikanisha tabaka la juu la ngozi na lile la chini. Msuguano mdogo tu, malengelenge, yakipasuka, kidonda. Madaktari walimpandikizia ngozi ya baba yake, mwili ukaikataa.

Ndipo walipomgeukia Michele De Luca wa Chuo Kikuu cha Modena na Reggio Emilia, Italia. Walikata kipande cha sentimita 4 za mraba kinenani, palipokuwa bado pazima. Maabara ikatumia virusi kuingiza jeni nzima ndani ya seli, kisha ikazilea hadi zikawa tando pana za ngozi. Kuanzia Oktoba 2015 hadi Januari 2016 zikapandikizwa, mikono na miguu kwanza, kisha mgongo, hadi asilimia 80 ya mwili. Mtoto akarudi shule!

Ulezi huu wa seli ulianza Marekani mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green walipoona kuwa seli za ngozi ya binadamu hustawi zikilazwa juu ya seli za panya zilizozuiwa kuzaliana kwa mionzi. Miaka ya 1980 ukaokoa watoto walioungua vibaya.

Kwangu mimi, ajabu kubwa ilikuja baadaye. Ngozi ya juu hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja, hivyo seli nyingi zilizopandikizwa zilishakufa na kupukutika. Mahali jeni ilipojipachika palikuwa alama ya ukoo wa kila seli, na watafiti walipozifuatilia alama hizo walikuta ngozi nzima inategemea seli shina chache tu zenye maisha marefu. Utando uliokosa hizo, hata uwe mpana namna gani, hautadumu.

Na bado ni tabaka la juu peke yake. Aliyeungua hadi ndani haoteshewi vinyweleo wala tezi za jasho. Kidonda kitafunga, lakini sehemu ile haitoi jasho, na penye joto kali mwili wake hupata shida kujipoza.