Uteuzi wa Vifaa vya Kurekodi na Kunukuu Maelezo ya Mdomo katika Ofisi za Umma: Mfano wa Muze, Mkoani Rukwa

Muze ipo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaolitenga bonde hilo na uwanda wa juu wa Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga. Wakulima wanaozungumza Kifipa na Kiwanda huishi huko pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao. Mashauri ya mipaka ya mashamba, ya mazao yaliyoliwa na ng'ombe au ya ahadi za mdomo kuhusu ardhi huelezwa kwa Kiswahili ambacho kila msemaji amekipokea kupitia lugha yake ya kwanza. Maelezo hayo huandikwa kwa kalamu na mtu mmoja anayesikiliza, anayechagua maneno na anayefupisha, yote kwa wakati mmoja. Ofisi ya aina hiyo inapofikiria kununua kinasa sauti, swali la bei hutangulia kuulizwa. Makala haya yanaonesha kwamba swali la isimu lingepaswa kutangulia: ni kipi katika usemi ambacho kikipotea shauri nalo hupotea?

Chukua tungo mbili: *atalima shamba hili* na *hatalima shamba hili*. Katika maandishi zinatofautiana kwa herufi moja, na katika usemi kwa pumzi ya glota inayotangulia irabu. Wasemaji wengi wa bara huidondosha /h/ mwanzoni mwa neno, hivyo *hujui* huwa *ujui* na *hatalima* huwa *atalima*. Wakati uliopita husalimika kidogo, kwa kuwa *hakumpa* iliyopoteza /h/ hubaki *akumpa*, nayo bado hutofautiana na *akampa* kwa irabu ya silabi ya pili. Hata hivyo, silabi hiyo haina mkazo, na katika usemi wa haraka irabu yake hufifia. Kwa hiyo ukanushi, yaani kiini cha mashauri mengi, hubebwa na sehemu dhaifu kabisa ya mawimbi ya sauti.

Jambo hili lina athari mbili tofauti, nazo huchanganywa mara nyingi. Pale msemaji anapoitamka /h/, kifaa kinapaswa kuihifadhi. Pale asipoitamka, hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachoirejesha, dawa pekee ni karani kuuliza papo hapo, "Una maana atalima, au hatalima?", na swali hilo nalo lirekodiwe. Taratibu ya kazi ni sehemu ya kifaa, ingawa haimo katika hati ya manunuzi.

Chumba, umbali na maikrofoni

Sauti ya /h/ ina nguvu ndogo, na sehemu kubwa ya nishati ya vikwamizi kama /s/ na /f/ huwa juu ya hezi 4,000. Njia ya kawaida ya simu hupitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 tu. Maelezo yanayochukuliwa kwa simu kutoka kitongoji cha mbali na kurekodiwa upande wa pili huwa yamepunguzwa kabla hayajafika. Ni afadhali simu ileile itumike kama kinasa sauti mbele ya msemaji, kisha faili lisafirishwe.

Umbali huharibu zaidi kuliko ubora duni wa kifaa. Mahali pa wazi, umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukiongezeka maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa takribani desibeli 6, ilhali kelele za chumba hubaki zilezile. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari huongeza mwangwi, na kati ya Novemba na Aprili mvua juu ya bati huweza kuzima kila kitu. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, moja kwa kila upande wa shauri, ina manufaa kuliko kinasa sauti cha gharama kubwa kilichowekwa mezani katikati ya wajumbe. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inataka baraza liwe na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane. Ukijumlisha wadaiwa, wadai na mashahidi, meza moja haitoshi.

Hapa pana tatizo la istilahi ambalo si dogo. Neno *kipaza sauti* hutumika kwa kifaa kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa kwa kishindo uwanjani. Ofisi inayoagiza "vipaza sauti viwili" inaweza kuletewa spika za mkutano wa hadhara. Mpaka wanaistilahi watakapoafikiana, ni salama zaidi kuandika *maikrofoni* katika hati za manunuzi.

Faili na umeme

Faili la WAV la chaneli moja, lenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani megabaiti 318 kwa saa. La MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani 58. Tofauti hiyo huwashawishi wengi wachague MP3. Ila kadi ya gigabaiti 32 hubeba takribani saa 100 za WAV, kwa hiyo hoja ya nafasi haina uzito. Umeme ndio hoja nzito zaidi. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea umeme kutoka Zambia na jenereta za dizeli. Kwa bonde lililo chini yake, kinasa sauti kinachotumia betri za kawaida za dukani kinafaa kuliko chenye betri ya ndani isiyobadilishwa.

Unukuzi: mkono au mashine

Bunge la Tanzania hutoa Taarifa Rasmi za majadiliano yake, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa unukuzi na tafsiri unaotegemea akili unde. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yameongeza haja hiyo. Kabla yake, katika mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo, ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili kwa kawaida uliandikwa kwa Kiingereza, na mpaka kati ya kunukuu na kutafsiri haukuonekana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai bado inaelekeza ushahidi uandikwe kwa kawaida katika umbo la masimulizi, si la swali na jibu. Kwa mwanaisimu, huo si unukuzi. Ni utungaji upya. Jibu "ndiyo" kwa swali lenye ukanushi ("Hukumuuzia?") lina utata wa kisemantiki, na masimulizi huufuta utata huo kwa kuamua upande mmoja. Rekodi ya sauti huuhifadhi.

Programu za kunukuu huleta hatari ya aina nyingine. Zimefunzwa zaidi kwa Kiswahili cha redio, cha kusomwa na cha mijini. Msemaji anapohamia Kifipa au Kisukuma, lugha za toni ambazo programu haizijui, mashine mara nyingi hainyamazi: huandika Kiswahili kinachofanana na sauti iliyosikika, tena kwa sarufi safi. Kosa la karani huonekana kwa mkato au kwa alama ya kuuliza. Kosa la mashine huonekana kama usahihi. Hivyo inafaa programu itoe rasimu yenye alama za muda, na karani aipitie akisikiliza kwa ELAN, au kwa programu yoyote ya kuchezea sauti iliyounganishwa na kanyagio la mguu linalorudisha sauti nyuma huku mikono ikiandika. Saa moja ya usemi huhitaji saa nne hadi sita za kunukuu neno kwa neno. Ofisi isiyo na saa hizo ihifadhi sauti nzima na inukuu sehemu zenye mgogoro pekee, kila moja ikiwa na dakika na sekunde yake.

Suala la nani anatunza faili huamuliwa kabla ya ununuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa sauti ya mtu anayetambulika, na rekodi inayobaki katika simu binafsi ya katibu iko nje ya udhibiti wa ofisi. Katika migogoro ya ardhi, tangu mwaka 2021 baraza la kata limebaki na kazi ya usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huweza kupanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Iwapo rekodi itahitajika huko, nakala moja inapaswa kuwa tayari imepanda ukingo na kuhifadhiwa Sumbawanga, ikiwa na tarehe, majina ya lugha zilizotumika na jina la aliyetafsiri.