Mondo Hatoshi Hifadhini

Ukitoka Eldoret kuelekea Moiben au Ziwa Sergoit, ngano na mahindi vimetwaa karibu uwanda wote. Mabaki ya vinamasi na nyasi ndefu kandokando ya mashamba ndiyo makao ya mondo. Anayemwona kwa taa za gari usiku husema ni mtoto wa chui, au duma aliyepotea njia. Hata wachuuzi wa ngozi wameutumia ufanano huo kuwadanganya wateja.

Mondo mkubwa ana kilo 8 hadi 18. Ukilinganisha na ukubwa wa mwili, hakuna paka mwenye miguu mirefu au masikio makubwa kumshinda. Huwinda kwa kusikiliza: husimama tuli, akimsikia panya chini ya majani huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Aadje Geertsema, aliyewachunguza mondo wa Ngorongoro na kuchapisha matokeo mwaka 1985, aliona kwamba karibu nusu ya mashambulizi yao hufaulu. Simba hana bahati hiyo. Wengi wa wanaoliwa ni panya, wale wale wanaomaliza nafaka ya mkulima.

Geertsema aliona pia kwamba mondo mmoja aliweza kutumia eneo la takriban kilomita 10 za mraba. Sasa tazama Saiwa Swamp, hifadhi ya taifa jirani na Kitale iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Mondo wamo, lakini hifadhi nzima haizidi sana kilomita 3 za mraba. Kwa hiyo uhai wao unategemea shamba la jirani, na huko ndiko vinamasi vinakokaushwa. Paka mvuvi wa Asia aliingia hatarini kwa njia hiyo hiyo, mabwawa yake yalipogeuzwa mashamba ya mpunga na kamba. Mondo bado ni wengi kwingineko Afrika, jambo linalotufanya tusihesabu wanaotoweka kwetu.

Sumu ya panya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Zile za kuzuia damu kuganda huua polepole. Panya huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, na mondo humpata kwa urahisi, pamoja na sumu yake. Bundi naye hufa hivyo hivyo.

Ni kweli, mondo huiba kuku. Lakini huwinda zaidi alfajiri, jioni na usiku, hivyo banda imara linalofungwa kabla ya giza litazuia hasara nyingi. Ukingo wa kinamasi ukiachwa bila kulimwa, panya watapata wa kuwapunguza.