Mpira wa mkojo na hatari ya maambukizi baada ya upasuaji wa tezi dume

Mwanamume anayejiandaa kufanyiwa upasuaji wa tezi dume huogopa zaidi siku yenyewe ya upasuaji. Hata hivyo, mengi yanayomweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo huwa yameanza kabla ya siku hiyo, na mengine hutokea akiwa tayari amerudi nyumbani.

Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija unaotoa mkojo. Umri unaposonga, tezi hukua na kuubana mrija huo. Kibofu hushindwa kumwaga mkojo wote, na unaobaki hutuama na kuwa makao ya bakteria. Mzee anaweza kukaa nao bila homa wala maumivu. Tezi inapokatwa, mishipa midogo ya damu hufunguka, na bakteria waliokuwa kwenye mkojo hupata njia ya kuingia kwenye damu.

Hii ndiyo sababu mkojo hupimwa kabla ya upasuaji. Kipimo cha kuotesha bakteria maabarani huchukua siku mbili au tatu, na huonyesha ni bakteria gani waliopo na dawa inayowaua. Aliyepanda matatu alfajiri kutoka mbali, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo, ana haki ya kunung'unika. Lakini maambukizi yakifika kwenye damu yanaweza kuua, na siku chache za kutibu mkojo kwanza hupunguza hatari hiyo.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni mpira wa mkojo. Aliyezibwa mkojo kabisa huwekewa mpira apate nafuu, kisha hurudi nyumbani kusubiri upasuaji. Hapo ndipo miezi hupita: familia inatafuta pesa, au mzee mwenyewe anaona kwamba mpira unamtosha. Kwa kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huwa takriban asilimia 3 hadi 7. Kufikia mwezi mmoja, karibu kila mwenye mpira huwa nao. Hujishikiza kwenye mpira na kujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida.

Kununua antibiotiki dukani kila mkojo unapobadilika harufu hakusaidii. Wanaosalia ni bakteria sugu, na siku ya upasuaji daktari hubaki na dawa chache za kuchagua.

Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari, kwani sukari ikipanda kinga ya mwili hudhoofika. Mgonjwa wa kisukari aje na kadi yake ya kliniki na aeleze dawa anazotumia. Umri mkubwa, mawe kwenye kibofu na upasuaji uliochukua muda mrefu pia huchangia.

Baada ya upasuaji mpira huwekwa tena, kwa siku chache au zaidi kulingana na aina ya upasuaji. Mfuko wa mkojo ubaki chini ya kiwango cha kibofu wakati wote bila kugusa sakafu. Kwenye matatu, jamaa wengi huupakata au kuuinua juu usikanyagwe, na mkojo mchafu hurudi kibofuni. Anayeushika anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Mahali mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni kila siku.

Mkojo kuchoma kidogo au kuwa na damu kidogo katika wiki za kwanza kunaweza kutokana na kidonda chenyewe. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu ya ubavu, korodani kuvimba, au mzee kuanza kuchanganyikiwa ni dalili za kurudi hospitalini siku hiyo hiyo. Katika maeneo yenye malaria, homa kama hii inaweza kutibiwa haraka kwa dawa za malaria bila kuuliza zaidi. Familia imwambie mhudumu wa kwanza atakayewapokea kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, lini, na kama bado ana mpira. Barua aliyopewa alipotoka hospitalini ibebwe kila safari. Mpira ukiacha kutoa mkojo huku tumbo la chini likijaa, asingoje asubuhi.