Moshi wa Jirani Ugenini

Siku hizi si ajabu kumwona kijana wa Iringa, au wa Kisumu, au wa Bukavu, akifunga mizigo yake kwenda kusoma ng'ambo. Wazazi humwuliza mengi kabla hajaondoka. Humwuliza habari za baridi, na za chakula, na za lugha, na kama yuko mtu wa kumpokea. Lakini ni wachache sana wanaomwuliza habari za moshi wa sigara. Na huko aendako, yamkini moshi huo utamsumbua kuliko baridi; maana baridi ina blanketi na koti, bali moshi wa mtu mwingine huingia nyumbani pasipo kupiga hodi.

Basi, ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona yafaa tuyaeleze mambo haya kwa kituo. Hatuandiki juu ya mvutaji na jinsi ya kuacha kuvuta. Hayo yana siku yake. Twaandika juu ya mtu asiyevuta, naye akaa ugenini katikati ya watu wavutao. Tumechagua nchi ya Uchina iwe mfano wetu, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi wako huko, na wafanya biashara wetu hufika Guangzhou kununua mali.

Uchina ina wavutaji zaidi ya 300,000,000. Ukiwakusanya wavutaji wote wa dunia, karibu mmoja katika kila watatu ni Mchina. Katika hesabu ya mwaka 2018 ilionekana ya kuwa nusu ya wanaume watu wazima walivuta, hali wanawake waliovuta walikuwa kama 2 tu katika 100. Maana yake, moshi mwingi wavutwa na baba, nao waingia katika vifua vya mama na watoto wasioshika sigara kamwe.

Kijana wetu atoka katika nchi zenye sheria juu ya jambo hili. Tanzania ilitunga sheria ya tumbako mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015. Amezoea kumwona mvutaji akiinuka na kutoka nje. Afikapo ugenini aukuta moshi ngazini, na katika chumba cha kula, na mezani pa mwalimu wake. Naye hajui kama aseme au anyamaze.

Moshi huu ni kitu gani?

Imetupasa tufahamu kwanza ya kwamba moshi wa sigara ni wa namna mbili. Uko ule ambao mvutaji huuvuta na kuutoa kinywani, na uko ule utokao katika ncha iwakayo wakati sigara iko mkononi tu. Huu wa pili ndio ulio mwingi katika hewa ya chumba, tena haupiti katika kichungi cho chote. Wataalamu wamekuta ndani ya moshi wa tumbako vitu zaidi ya 7,000, na kama 70 katika hivyo vyajulikana kuwa huleta ugonjwa wa saratani.

Zamani watu walidhani ya kuwa moshi huumiza mvutaji peke yake. Mwaka 1981 tabibu mmoja wa Japani, jina lake Takeshi Hirayama, alitoa habari zilizowashtua wengi. Alikuwa amewafuata kwa miaka 14 wake 91,540 wasiovuta, akaona ya kwamba wale ambao waume wao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume wao hawakuvuta. Wengine walimpinga, lakini uchunguzi uliofuata katika nchi nyingi ulimthibitisha. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitangaza ya kuwa hakuna kiasi cha moshi huu kisichokuwa na hatari. Tena alisema ya kuwa kuwatenga wavutaji upande mmoja wa chumba, au kufungua madirisha, au kuweka mashine za kupitisha hewa, hakuondoi hatari hiyo yote.

Mtu mzima asiyevuta akikaa katika moshi huo nyumbani au kazini, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huzidi kwa 25 hadi 30 katika 100. Mtoto huumia upesi zaidi, maana hupumua mara nyingi kuliko mkubwa, na mapafu yake yangali yakikua. Huzidiwa na pumu, na kikohozi, na homa ya mapafu, na maumivu ya masikio. Mama mwenye mimba akaaye katika moshi aweza kuzaa mtoto mwepesi kuliko impasavyo. Kila mwaka watu zaidi ya 1,000,000 wasiovuta hufa duniani kwa sababu ya moshi wa wengine.

Adabu ya mgeni

Hapa ndipo penye ugumu. Sigara katika Uchina si kitu cha kuvuta tu, bali ni salamu. Watu wakutanapo kwa shauri la biashara, mmoja hutoa paketi na kumpa mwenzake, kama sisi tuwapavyo wageni wetu chai. Arusini, katika mahali pengi, bibi arusi huwawashia wageni sigara kwa mkono wake. Sikukuu za mwaka mpya watu hupelekeana sigara za thamani kuwa zawadi. Basi mgeni akikunja uso na kuziba pua, mwenyeji haoni ya kuwa amekataa moshi. Aona ya kuwa amekataa urafiki.

Lakini Wachina wenyewe wana njia ya kukataa, nayo ni nzuri sana. Mtu hunyosha kiganja mbele kidogo, hutabasamu, na kusema: Wo bu hui chou yan. Maana yake ni, Mimi sijui kuvuta sigara, kana kwamba kuvuta ni ufundi ambao hakufundishwa. Neno hili halimhukumu mtu, wala halimwaibishi. Kijana wetu na alijifunze kabla hajapanda ndege, pamoja na asante na tafadhali. Akiwa na ugonjwa wa koo au wa kifua, aseme pia. Katika nchi ile maneno ya afya husikilizwa, na mke mwenye mimba huheshimiwa sana.

Wazee wetu walisema, Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mashauri hayo ni mema katika mambo ya chakula, na ya mavazi, na ya kusalimu. Lakini yana mpaka wake. Jicho lililofumbwa hufumbuliwa siku ya kurudi kwetu. Pafu lililoharibika halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Tena mtu mzima aweza kusema, Nitavumilia. Lakini mtoto wake aliye mgongoni hakuulizwa. Kwa hiyo mgeni mwenye adabu aweza kujilinda, wala asijione kuwa amevunja heshima ya wenyeji.

Sheria iko upande wa nani?

Wageni wengi hawajui ya kuwa hata wenyeji hawapatani katika jambo hili, na ya kuwa sheria imeanza kuwasaidia wasiovuta. Uko mkataba wa mataifa juu ya tumbako, ulioanza kutumika 27 Februari 2005. Kenya iliukubali mwaka 2004, Uchina mwaka 2005, na Tanzania mwaka 2007. Sehemu yake ya 8 yazitaka serikali ziwalinde watu na moshi katika mahali pa kazi, na katika magari ya abiria, na katika majumba ya watu wote.

Miji mikubwa ya Uchina imetunga sheria zake. Beijing ilikataza uvutaji ndani ya majumba ya watu wote na mahali pa kazi tangu 1 Juni 2015. Kwa sheria ile mvutaji aweza kutozwa faini hata yuani 200, na mwenye mahali hata yuani 10,000. Shanghai ilifuata tarehe 1 Machi 2017. Angalieni ya kuwa mwenye mahali ndiye atozwaye zaidi. Basi, mgeni asiende kugombana na mvutaji mezani. Na amwendee mwenye hoteli au mtumishi, amwambie polepole ya kuwa moshi wamsumbua mtoto, na kumwomba anene na yule bwana. Yasiposikilizwa, katika miji mingi iko simu ya malalamiko ya serikali ya mji, namba 12345.

Twapenda kuwaeleza habari moja zaidi. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja wa chuo, Mchina, alisafiri kwa treni K1301 kutoka Beijing kwenda Tianjin. Treni ziendazo mbio sana zimekataza sigara kabisa, lakini hiyo ilikuwa ya kawaida, nayo ilikuwa na mahali pa kuvutia mwisho wa behewa, penye vyombo vya majivu. Moshi ulimsumbua, akaenda mahakamani. Mwezi wa Juni 2018 mahakama iliamuru sehemu ile ya kuvutia iondolewe pamoja na vyombo vyake. Mwanafunzi huyu hakuwa mkubwa wala tajiri, naye hakumtukana mtu. Alisafiri, aliandika aliyoyaona, akapeleka maneno yake mahali panapohusika.

Wala si Uchina peke yake. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza moshi katika mahali pote pa kazi, hata katika vilabu vya pombe, tarehe 29 Machi 2004. Lakini Austria haikufanya hivyo katika nyumba zake za chakula mpaka 1 Novemba 2019. Kwa hiyo kila aendaye ng'ambo, popote pale, na aulize sheria ya mji ule, wala asidhani ya kuwa nchi tajiri zote zina desturi moja.

Katika nyumba ya kupanga

Sheria hizi hazifiki ndani ya chumba cha jirani, na huko ndiko mtu alalako. Yafaa basi aichague nyumba kwa pua kabla ya kuichagua kwa macho. Na aende kuitazama jioni, wakati watu wamerudi kazini, asimame ngazini na katika choo, anuse. Aguse mapazia na magodoro. Moshi wa miezi iliyopita hukaa ndani ya nguo na kuta, na rangi mpya haiuondoi upesi. Akikaa bweni, aombe mapema awekwe pamoja na mwenzi asiyevuta. Ombi la siku ya kwanza ni jambo dogo, bali la mwezi wa tatu huwa ugomvi.

Katika Beijing majumba hutiwa moto wa mji tangu 15 Novemba hata 15 Machi, na madirisha hufungwa. Wakati huo moshi wa jirani hutafuta njia: chini ya mlango, katika bomba la hewa la choo, na katika tundu la kutolea maji sakafuni. Mlangoni na atie kitambaa kinene au mpira wa kuzibia. Katika tundu la sakafuni amimine maji kila siku chache, maana maji yakaayo ndani ya bomba ndiyo yazuiayo hewa ya chini kupanda. Na afungue dirisha dakika chache asubuhi, kama hewa ya nje ni safi. Vipimo vya hewa hutangazwa kila siku.

Mashine ya kusafishia hewa yafaa, ikiwa ina chujio laini la kunasa vumbi pamoja na tabaka la makaa, na ikiwa chujio hubadilishwa kwa wakati wake. Lakini haiondoi sumu zote, wala isiwe sababu ya kumwachia mgeni avute ndani. Na ubani, na udi, na mishumaa yenye manukato, hivyo huficha harufu tu. Huongeza moshi juu ya moshi.

Jirani avutaye ngazini asiandikiwe karatasi ya matusi mlangoni. Na aendewe kwa salamu, pamoja na matunda kidogo, aonyeshwe mtoto, aombwe avutie chini uani. Wengi hukubali, kwa kuwa nao wana watoto. Asiyekubali, shauri lake lipelekwe kwa mwenye nyumba au kwa ofisi iangaliayo jengo.

Neno kwa wazazi na walimu

Ninyi mnaobaki nyumbani mna kazi yenu. Mtoto akileta habari kwamba chumba chake kina moshi na kifua chamwuma, msimjibu, Vumilia, umeenda kusoma. Mwulizeni kama amekwenda kwa mganga, na kama amemwambia mkuu wa bweni. Mwenye pumu na asiondoke kwetu pasipo dawa yake ya kuvuta na cheti cha mganga. Cheti hicho humsaidia hata katika kuomba chumba kingine. Walimu wanaowatayarisha vijana kwa safari na wawafundishe maneno ya kukataa kwa adabu, wayakariri darasani, mpaka yatoke kinywani bila haya.

Tena tuangalie nyumba zetu wenyewe. Kwetu pia wako wageni waliotoka mbali, nao huona haya kumwambia baba mwenye nyumba ya kuwa sigara yake yawaumiza. Atakaye mwanawe ahurumiwe na jirani wa Beijing, na ainuke aende kuvutia uani, mbali na dirisha la mgeni.

Haya ndiyo tuliyoona yafaa kuwaandikia mwezi huu. Mwenye kijana aliye safarini na ampelekee, amsomee kabla hajalipa kodi ya chumba.