Nuru Juu ya Mwili wa Kweli

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Handeni na Korogwe twaikuta picha ya Yesu ukutani: uso laini, kanzu isiyo na vumbi. Picha hiyo ina heshima yake. Lakini sisi watumishi wa Neno yatupasa kuuliza: yafundisha nini juu ya mwili ambao Neno aliutwaa (Yn. 1:14)?

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, katika kipindi kiitwacho Baroki, walilijibu swali hili kwa namna nyingine. Caravaggio (1571–1610), Mwitalia, aliwachora watu wa kawaida jinsi walivyo, pamoja na makunyanzi na nyayo chafu. Sehemu kubwa ya picha aliiacha gizani, kisha akaiangusha nuru kali kutoka upande mmoja, mithili ya karabai katika chumba cheusi. Katika picha yake ya kuitwa kwa Mathayo (1599–1600), nuru yaingia upande ule ule anaoingilia Kristo, ikawaangukia watu walio mezani penye fedha. Katika ile ya Tomaso, kidole chazama ndani ya jeraha la Mfufuka. Alipomchora Bikira Maria kama maiti halisi, watawa wa kanisa lililokusudiwa kuipokea picha hiyo waliikataa. Naye Rembrandt wa Uholanzi, mnamo 1633, alijichora mwenyewe miongoni mwa wanaouinua msalaba, nuru ikiuangukia mwili wa Kristo.

Tuzingatie jambo moja. Nuru hiyo haiurembi mwili. Yatoka nje yake na kuudhihirisha ulivyo. Ndivyo ilivyo neema. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi.

Basi, tukimhubiri Kristo asiye na jasho wala kovu, twamwacha peke yake mkata mkonge wa Korogwe mwenye vidole vilivyochomwa na miiba, na mama wa Handeni mwenye nyayo zilizopasuka kwa kufuata maji mbali. Mgonjwa aliyekonda hujificha, asije Mezani pa Bwana, akidhani mwili wake ni aibu. Huyo ndiye anayehitaji kusikia kwamba Bwana alifufuka akiwa na majeraha yake, tena aliyaonyesha (Yn. 20:27).